Uzamili wa Kiswahili, historia au fasihi Tanzania: kuanzia maombi hadi kuvaa joho

Waombaji wengi wa uzamili wa masomo ya insia humaliza nguvu zao kwenye kutafuta nafasi. Wanahangaika na vyeti, na tarehe ya mwisho ya maombi, na ada ya muhula wa kwanza. Barua ya udahili ikitoka, wanashusha pumzi. Lakini nafasi ndiyo sehemu nyepesi. Madarasa nayo humalizwa na yeyote aliyezoea kusoma. Panapokwamisha watu ni pale madarasa yanapoisha, mwanafunzi akabaki na tasnifu: mada haitafitiki, msimamizi hajulikani, na fedha za kwenda uwandani zimeshaliwa na ada. Wapo waliomaliza kozi zote kwa alama nzuri na hawajawahi kuvaa joho. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaweka swali la utafiti mbele ya fomu ya maombi.

Nitatumia zaidi mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Ndaki ya Insia na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na Idara ya Kiswahili. Njia inafanana sana na ya Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu Huria. Kanuni za chuo chako zikisema tofauti na ninayoyaandika hapa, fuata za chuo chako.

Hatua ya 1: Angalia kama shahada yako inafungua mlango

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) imeweka shahada ya kwanza kwenye ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Chuo kinapopokea maombi yako, jambo la kwanza kinalotazama ni kama ngazi ya 8 unayo, na kwa kiwango gani.

Sifa ya kawaida ni shahada ya kwanza yenye daraja la pili au zaidi. Kwenye mizani ya GPA (wastani wa alama) ya alama 5, daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na Pasi ni 2.0 hadi 2.6. Kwa hiyo namba ya kukumbuka ni 2.7. Mwenye Pasi hajafungiwa kabisa, ila ataombwa kitu cha kuziba pengo: stashahada ya uzamili, uzoefu wa utafiti unaothibitika, au alama za juu katika somo lenyewe analotaka kuliendeleza.

Hilo la somo lenyewe linawashangaza walimu. GPA ya jumla inaweza kuwa 3.2 na bado idara ikasita, kwa sababu inataka kujua ulifanyaje kwenye kozi za somo lake. Jikadirie mwenyewe kabla hawajakukadiria. Toa transkripti, weka alama kozi zote za somo hilo, kisha zidisha pointi ya kila kozi (A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1) kwa krediti zake, jumlisha, ugawe kwa jumla ya krediti. Tuseme ulisoma kozi tatu za fasihi zenye krediti 12 kila moja ukapata A, B+ na C. Hiyo ni 60 na 48 na 24, jumla 132. Gawa kwa 36 upate 3.67. Usijikadirie kwenda juu: vyuo vingi hukata desimali ya pili, kwa hiyo ihesabu kama 3.6.

Mwalimu aliyesomea ualimu kwa masomo mawili, mathalani Kiswahili na Historia, ana milango miwili na anaweza kuchagua ule wenye alama nzuri zaidi. Aliyesoma Jiografia na Kiingereza akitaka uzamili wa Kiswahili ana kazi, hata kama Kiswahili anakizungumza kuliko wote kijijini kwao. Idara inatafuta msingi wa isimu na fasihi uliosomwa darasani.

Ukitokea Kenya utaona kwenu viwango ni vikali kidogo: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka daraja la pili la juu, au la pili la chini likisindikizwa na uzoefu wa kazi wa miaka miwili katika fani husika. Kwa hiyo Mkenya mwenye daraja la pili la chini asiye na uzoefu huo anaweza kupata nafasi Dar es Salaam kabla ya Nairobi.

Waliosoma nje ya Tanzania wote wanahitaji shahada zao zitambuliwe na TCU, na kazi hiyo ianze miezi kadhaa kabla ya kuomba chuo. Waliosoma kwa Kifaransa, kutoka Bujumbura au Lubumbashi, watafsirishe transkripti kwa mtafsiri anayekubalika kisheria. Mkongomani wa mfumo wa zamani, uliokuwa na graduat ya miaka 3 kisha licence ya miaka 2, apeleke hati za hatua zote mbili, maana mkaguzi akiona moja tu atadhani ndiyo yote aliyosoma.

Hatua ya 2: Tafuta swali ambalo vyanzo vyake unavifikia

Fanya hatua hii kabla ya kufungua mfumo wa maombi. Vyuo vingi huomba maelezo mafupi ya utafiti unaokusudia, na hata kisipoomba, utakuwa umejiokolea miezi mingi ya mbele.

Mada mbaya hutambulika kwa upana wake. "Nafasi ya fasihi simulizi katika jamii ya Wasukuma" si mada ya mtu mmoja kwa mwaka mmoja. "Historia ya zao la mkonge Tanzania" ni kitabu, tena kinene. Mada inaanza kutafitika ikishakuwa na mahali, kipindi, watu na aina ya ushahidi. Mkonge ukiugeuza kuwa "Maisha ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, 1945–1961" (manamba ni vibarua wa mkataba wa mashambani), mara moja unajua pa kwenda: Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kwa majalada ya utawala wa Kiingereza, na Korogwe kwenyewe kwa wazee waliobaki na watoto wao. Unajua pia hatari iliyopo. Kijana aliyekuwa manamba mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 20 alizaliwa 1935. Ukichelewa, utahoji makaburi.

Kwa isimu, "kuchanganya lugha mijini" ipunguze hadi ifike kwenye kundi na mazingira: wauza vitambaa wa mitaa miwili ya Kariakoo wanapopatana bei na wateja wa Kongo na Zambia. Kwa fasihi andishi ya kale, anza na kuuliza hati zenyewe ziko wapi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo mingi ilikusanywa na mtafiti wa Kiswahili J. W. T. Allen na kuorodheshwa kwenye katalogi ya mwaka 1970. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Asiyesoma hati za Kiarabu na akachagua utenzi usiowahi kuhawilishwa kwa hati za Kirumi amejichagulia masomo mawili kwa mpigo. Si vibaya, lakini ajue mapema.

Ukishapata mada, andika kurasa mbili tu. Ya kwanza ieleze tatizo: ni jambo gani halieleweki, na kutoeleweka kwake kunapotosha nini. Hapa ndipo waombaji wengi huandika kwamba "hakuna mtafiti aliyechunguza suala hili" na kuridhika. Mambo yasiyochunguzwa ni mengi, na mengine hayajachunguzwa kwa sababu hayastahili. Onyesha kwamba walioandika kuhusu jirani ya mada yako wamefikia hitimisho fulani, na kwamba ushahidi wako unaweza kulitikisa au kulitengeneza. Ukurasa wa pili useme utakusanya nini, wapi, kwa nani, na utakichambuaje.

Kuhusu nadharia, nasema kwa ukali kidogo kwa sababu ugonjwa huu umeenea: usichague nadharia kwa jina lake kubwa. Kurasa nane za historia ya nadharia, kisha uchambuzi usioigusa hata mara moja, haziwadanganyi watahini. Chagua inayokupa swali la kuuliza data yako. Kama unaweza kuiondoa na sura ya uchambuzi isibadilike, haikuwa na kazi.

Hatua ya 3: Mfuate mtu, ndipo ufuate chuo

Sasa tafuta nani anaweza kukusimamia. Fungua orodha ya wahadhiri wa idara, tazama machapisho yao, kisha pitia makala za karibuni kwenye majarida ya fani, kama Kiswahili na Mulika yanayotolewa na TATAKI. Anayeandika kuhusu fonolojia hatakusaidia sana kwenye riwaya, hata kama ni profesa na anakufahamu. Tazama pia kama yuko karibu kustaafu au ana cheo kikubwa cha utawala. Mkuu wa ndaki ana nia njema na hana muda.

Mwandikie barua pepe fupi. Huhitaji kujaza sifa zake wala kueleza jinsi unavyopenda elimu tangu utotoni. Kitu cha namna hii kinatosha:

Mada: Ombi la ushauri kuhusu utafiti wa uzamili, manamba wa Korogwe

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Korogwe, mhitimu wa shahada ya kwanza ya ualimu (Historia na Kiswahili) wa mwaka 2017, GPA 3.4. Ninakusudia kuomba uzamili wa historia kwa mwaka ujao wa masomo, nikichunguza maisha ya manamba katika mashamba ya mkonge kati ya 1945 na 1961. Nimeambatisha andiko la kurasa mbili. Ningeomba kujua kama mada hii iko ndani ya maeneo unayosimamia, na kama hapana, ni nani idarani ungenielekeza kwake. Nashukuru kwa muda wako.

Ombi la mwisho ndilo la maana. Mtu aliyebanwa hukwepa kusema ndiyo, lakini kutaja jina la mwenzake hakumgharimu. Asipojibu baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu. Bado kimya? Nenda idarani. Milango ya ofisi za wahadhiri bado inafanya kazi kuliko barua pepe.

Jibu zuri si ahadi ya nafasi, wala mhadhiri hana mamlaka ya kukudahili peke yake. Wasimamizi huteuliwa na idara. Lakini maombi yanapofika mezani na mtu mmoja akasema "huyu namjua, mada yake naweza kuisimamia", faili lako linasomwa kwa jicho lingine.

Hatua ya 4: Chagua mtindo wa kusoma

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kozi na tasnifu: unasoma madarasa kwa mihula miwili, kisha unafanya utafiti. Ya pili ni ya tasnifu peke yake, ambapo unaingia kwenye utafiti karibu tangu siku ya kwanza, na tasnifu inatarajiwa kuwa nzito zaidi. Ya pili inamfaa mtu aliyekwishatafiti, mwenye mada iliyokomaa na msimamizi anayemfahamu. Kwa wengine wote ningeshauri ya kwanza. Madarasa yanakupa wenzako wa kusomeana kazi, na upweke wa tasnifu ni adui asiyeandikwa kwenye kanuni yoyote.

Kabla hujachagua kati ya mchana, jioni na masafa, fanya hesabu ya saa. Uzamili nchini una krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi: mihadhara, kusoma, kuandika, utafiti, vyote pamoja. Hiyo ni saa 1,800. Ukizitawanya kwenye miezi 18 ni karibu saa 23 kila wiki bila likizo. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye foleni ya daladala kutoka Posta hadi Mlimani, ajiulize saa 23 zitatoka wapi. Zinaweza kutoka, watu wanafanya. Ila zitakatwa mahali, na ni afadhali uamue wewe zikatwe wapi kabla nyumba haijaanza kulalamika.

Hatua ya 5: Kusanya vyeti, na usafishe majina

Orodha ni ile ile karibu kila mahali: cheti na transkripti ya shahada ya kwanza, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada uliyoingilia chuo, cheti cha kuzaliwa, wasifu wako, picha, na barua za wadhamini wa kitaaluma, kwa kawaida wawili. Aliyehitimu karibuni na hajapata cheti aombe taarifa ya matokeo kutoka ofisi ya msajili wa chuo chake.

Tatizo kubwa hapa ni majina. Kidato cha nne uliitwa Asha Juma Salum, chuoni ukaandikwa Asha J. Mohamed, na baada ya ndoa kitambulisho cha taifa kikatoka na jina la tatu. Kompyuta ya chuo haijui kwamba wote ni wewe. Tofauti ndogo ya herufi huweza kumalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadilisha jina hasa kunahitaji hati rasmi iliyosajiliwa. Lishughulikie mapema, kwa sababu jina utakaloingia nalo ndilo litakaloandikwa kwenye cheti cha uzamili.

Wadhamini wa kitaaluma ni watu waliowahi kukufundisha au kukusimamia kitaaluma. Mkuu wako wa shule anaweza kuwa mtu mwema na barua yake ikawa ya kumsifu mwalimu anayewahi kazini, jambo ambalo idara haikuliuliza. Tafuta walau mmoja aliyewahi kusahihisha kazi yako ndefu. Mpelekee transkripti, andiko lako la kurasa mbili na tarehe ya mwisho, tena mapema. Usimpe barua uliyokwisha kuiandika asaini tu. Wapo watakaokubali, lakini barua mbili zenye sauti moja zinajulikana.

Hatua ya 6: Jaza maombi

Hii ni fupi. Fungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wa chuo, pata namba ya malipo ya serikali, lipa benki au kwa simu, pakia nyaraka, kagua, tuma. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, na madirisha ya maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Changanua vyeti halisi, si kivuli cha kivuli. Tumia barua pepe utakayokuwa nayo miaka mitatu ijayo, si ya shuleni wala ya mwajiri. Na usimpe kijana wa steshenari nywila yako, hata kama ni jirani.

Hatua ya 7: Mwajiri na fedha

Mtumishi wa umma aandike barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake, ikipitia kwa mkuu wa kituo. Mwalimu wa sekondari ataandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia kwa Mkuu wa Shule. Mambo mawili huulizwa: umethibitishwa kazini? Na masomo yako yamo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri? Kwa hiyo swali la mpango liulize mwaka mmoja kabla, pale halmashauri inapokusanya mahitaji, si siku ulipopata barua ya udahili. Kuondoka bila ruhusa kwa matumaini kwamba mambo yatajipanga ni utoro, na mshahara unaweza kusimama ukiwa katikati ya muhula.

Kuhusu fedha, gawanya bajeti yako mafungu mawili yasiyochanganyika: la ada na maisha ya darasani, na la utafiti. La pili ndilo linaloibwa. Ndani yake weka nauli na malazi ya uwandani, asante ya wenyeji wanaokuongoza, vocha, kinasa sauti, kazi ya kunukuu mahojiano, uchapishaji na ujalidi. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nyingi kuinukuu, na ukimlipa mtu akufanyie, bado utalazimika kuisikiliza mwenyewe. Ukipitisha muda uliopangwa wa programu utadaiwa pia ada ya nyongeza. Iweke kwenye hesabu hata kama huamini kwamba itakuhusu.

Ufadhili upo lakini si mwingi kwa insia. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, ina ufadhili wa kusomea ndani ya ukanda wetu, na Jumuiya ya Madola ina wa Uingereza. Wasemaji wa Kiswahili wana njia moja ambayo wenzao wengi hawana: vyuo kadhaa vya Marekani hufundisha Kiswahili, na baadhi humlipia ada mwanafunzi wa uzamili anayekubali kusaidia kukifundisha. Usiichanganye hiyo na mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, unaowapeleka vijana Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja. Ni nafasi nzuri, ila haikupi shahada.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaokwenda kusoma nchi nyingine ya Jumuiya waulize kwa maandishi watalipa ada ya mwenyeji au ya mgeni. Wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017. Hiyo ni hoja ya kutumia dirishani, lakini barua ya chuo ndiyo inayohesabika.

Hatua ya 8: Mwaka wa madarasa

Kwenye uzamili kiwango cha kufaulu kozi ni cha juu kuliko shahada ya kwanza. C uliyoizoea kama daraja la kupumulia kwa kawaida huku ni kufeli, na kuna wastani unaotakiwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea na tasnifu. Soma kanuni hizo wiki ya kwanza.

Ujanja wa mwaka huu ni kuzifanya kazi za kozi zijenge tasnifu. Kozi ya nadharia ya fasihi ikidai insha, iandike kuhusu matini yako. Kozi ya mbinu za utafiti ikidai andiko, peleka lako halisi. Ukifanya hivyo kwenye kozi nne, unamaliza madarasa ukiwa na rasimu ya mapitio ya machapisho na sehemu ya mbinu. Anayebadili mada kila kozi anamaliza akiwa na alama nzuri na karatasi zisizojuana. Maandishi uliyokwisha kuwasilisha uyaandike upya na umwambie msimamizi, kwa sababu programu za kupima mfanano zitayaona.

Dondoo nazo: andika marejeo ya kila unachosoma siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya ukurasa. Na akili unde isikutungie marejeo. Inabuni vitabu visivyokuwepo kwa uhakika wa kutisha, na mtahini wa nje ndiye mtu anayevijua vilivyopo.

Hatua ya 9: Andiko, kibali na uwandani

Andiko la utafiti hutetewa mbele ya idara, na baadaye huweza kupanda ngazi ya ndaki au taasisi. Utakosolewa, na baadhi ya maoni yatapingana: mmoja atasema punguza eneo, mwingine ongeza. Usibishane ukumbini. Andika yote, kisha kaa na msimamizi muamue yapi ya kufuata, na mwandike kwa nini mengine mmeyaacha.

Likishapita, chuo kitakupa barua ya kibali cha utafiti. Kwa Tanzania Bara barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia ya kwenda wilayani au halmashauri, na huko unapata ya kwenda kwa Afisa Mtendaji wa Kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila meza ina muhuri na kila muhuri una siku yake. Ofisa amesafiri, au yuko kikaoni. Utafiti wa mikoa mitatu ni ngazi hiyo mara tatu, sababu nyingine ya kubaki na eneo dogo. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali, kwa hiyo usivuke bahari na barua ya Bara peke yake ukidhani imetosha. Anayetafiti Kenya ataomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya huko.

Ukifika kijijini, barua yenye mihuri inakufungulia ofisi tu. Wazee wanafunguka kwa njia nyingine: kutambulishwa na mtu wanayemwamini, kukaa bila daftari mara ya kwanza, kurudi. Eleza wazi unachotaka na kitakwenda wapi. Pata ridhaa, iwe ya saini au ya sauti iliyorekodiwa, na uliza kama jina litumike au lifichwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu peke yake. Kila usiku nakili rekodi sehemu mbili. Simu huibwa, na huanguka mtoni.

Hatua ya 10: Kuandika, kukaguliwa, kumaliza

Anza na sura ya data. Utangulizi ni wa mwisho, kwa kuwa hujui unachokitambulisha mpaka uwe umekiandika. Patana na msimamizi tangu mwanzo: sura moja kwa wakati, kwa tarehe fulani, na atarudisha baada ya muda gani. Akichelewa, mkumbushe, ikipita kiasi, mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yupo kwa kazi hiyo na kumwendea si kumshtaki mtu. Tasnifu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili chote, na ikisiri (muhtasari wake) ya Kiingereza huongezwa. Mpe mtu wa lugha hiyo aisome, maana kwa wasomaji wengi wa nje ya Afrika Mashariki ndiyo sehemu pekee watakayoielewa.

Miezi michache kabla ya kukabidhi, toa taarifa ya kusudio kwa kujaza fomu ya chuo. Ndiyo inayokifanya chuo kiteue watahini, na asiyeijaza hukaa na tasnifu iliyokamilika isiyo na wa kuisoma. Kisha tasnifu hupimwa mfanano na kutumwa kwa mtahini wa ndani na wa nje. Majibu huwa kati ya kukubaliwa, kukubaliwa kwa masahihisho madogo, masahihisho makubwa, kurudia, au kukataliwa. Masahihisho ndiyo hali ya kawaida. Tengeneza jedwali: hoja ya mtahini upande mmoja, ulichofanya na ukurasa wake upande wa pili. Kwa njia ya tasnifu tupu, jiandae pia kwa utetezi wa ana kwa ana.

Baada ya hapo ni makaratasi: nakala iliyojalidiwa na nakala tete kwa maktaba, fomu ya kutodaiwa, idhini ya Seneti, na orodha ya wahitimu. Orodha hiyo ikibandikwa, nenda ukaisome mwenyewe na kagua tahajia ya majina yako yote matatu kabla vyeti havijachapwa.